Baraza la Uongozi la Python: nalipatia nyota nne kati ya tano

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika API (njia ya programu kuzungumza na programu nyingine) kwa FastAPI na Pydantic, maktaba mbili za lugha ya programu ya Python, kwa hiyo Baraza la Uongozi la Python, linaloamua mwelekeo wa lugha hiyo, likiamua jambo, mimi ni mmoja wa wanaoguswa.

Hadi 2018 neno la mwisho lilikuwa la mwanzilishi, Guido van Rossum. Julai mwaka huo, baada ya mabishano makali juu ya alama ya := (ile inayokuwezesha kuandika while mstari := faili.readline(): bila kusoma faili sehemu mbili), aling'atuka bila kuteua mrithi. Waendelezaji wakuu (wanaoandika na kutunza Python yenyewe) wakapiga kura kuchagua mfumo wa uongozi, na Februari 2019 likapatikana baraza la kwanza la watu watano, Guido akiwemo. Sharti ninalolipenda zaidi ni kwamba mwajiri mmoja hawezi kuwa na zaidi ya watu wawili humo. Wajumbe huchaguliwa upya kila linapotoka toleo jipya.

Kwangu mimi baraza lilionyesha thamani yake Aprili 2021. Ilikuwa imeshapangwa kwamba kuanzia toleo la 3.10 la Python, maelezo ya aina za data (kama umri: int, yaani umri ni namba kamili) yahifadhiwe kama maandishi ya kawaida. Pydantic huyasoma maelezo hayo programu ikiwa inaendelea kukimbia. Ukitangaza klasi ndani ya funksheni, kuyageuza maandishi hayo yawe aina halisi tena kungekwama. Waliotunza maktaba hizo walipaza sauti dakika za mwisho kabisa. Baraza lingeweza kujibu kwamba muda umepita, na kwa utaratibu lingekuwa sahihi. Badala yake liliahirisha mabadiliko na kueleza sababu kwa maandishi. Hapo ndipo liliponipata.

Hata kuhusu GIL (kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu wa programu utekeleze msimbo wa Python kwa wakati mmoja) lilienda kwa tahadhari hiyohiyo. Mwaka 2023 lilikubali Python isiyo na kufuli hilo, lakini kwa hatua, na likabakiza haki ya kurudi nyuma mambo yakiharibika.

Nyota moja naiondoa kwa sababu mbili. Suluhisho la yale maelezo ya aina lilifika katika 3.14, Oktoba 2025, zaidi ya miaka minne baadaye. Tena wanaopiga kura ni waendelezaji wakuu pekee. Wanaotunza maktaba zinazobeba kazi zetu hawana kura kwa nafasi hiyo, na mwaka 2021 ilibidi wapige kelele ndipo wasikike. Ningependa wawe wanaulizwa mapema, kabla toleo halijakaribia kufungwa.