Kuponda Raha kwa Dadu: Kanuni Zilizotufaa Mezani

Kundi letu la wachezaji watano hapa Kampala limetumia kwa miezi minne kanuni za kuponda raha zilizomo katika Xanathar's Guide to Everything, kitabu cha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika) cha mwaka 2017, nami nimezipenda sana. Mhusika aliye mapumzikoni kati ya safari zake za hatari hutumia wiki moja ya kazi na kulipa vipande 10 vya dhahabu akijumuika na watu wa chini, 50 akiwa na watu wa tabaka la kati, au 250 akitaka karamu za wakubwa, kisha hurusha dadu ili ijulikane kama amejipatia rafiki au adui.

Utamu wenyewe umo katika mikasa, yaani matatizo ya ghafla ambayo dadu inaweza kumletea mhusika. Mwezi uliopita dadu iliamua kwamba shujaa wetu mmoja ameamka akiwa ameoa mke ambaye yeye mwenyewe hamkumbuki. Meza nzima ilinyamaza, kisha dada aliyeketi kando ya mchezaji wake akauliza kwa dhati ni nani atakayepeleka mahari, na usiku ule tukacheza kwanjula kamili, sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kwa familia za wachumba, pamoja na msemaji wa kila upande. Mke huyo sasa ndiye mhusika tunayemjali kuliko wote.

Linaloniudhi ni kwamba mkasa una nafasi ya asilimia 10 tu kwa wiki, na jedwali la kila tabaka lina mikasa 8 pekee. Sisi tumepandisha nafasi hiyo hadi asilimia 30, na tunaandika mikasa yetu wenyewe.