Kabla hujamlipia mwanasesere wa hijabu, mtazame shingoni

Malalamiko yenu yamezidi kufanana: mzazi kanunua mwanasesere anayetangazwa kuwa ni wa Kiislamu au wa Kiafrika, mtoto kamvua mtandio, kumbe ni sura ileile ya Kizungu iliyopakwa kahawia. Kwa hiyo nywele, viatu na mikoba sivigusi leo. Mimi shida yangu ni sura.

Ujanja huu una umri. Mwaka 1967 Mattel, watengenezaji wa Barbie, walitoa mwanasesere Francie mweusi kwa kalibu ileile ya Francie mzungu. Mweusi wa kwanza kuitwa Barbie akasubiri hadi 1980, na hata So In Style, safu yao ya wanasesere weusi yenye pua pana na midomo minene, ilikuja 2009.

Barbie ana mwaka umechapwa nyuma ya shingo, chini ya nywele. Si mwaka aliotengenezwa. Ni wa hakimiliki ya kalibu ya kichwa. Ukiona mwaka wa zamani kwa mwanasesere anayeitwa mpya, jua kichwa hicho kimeshauzwa kwa majina mengine. Ule wa kwenye kiwiliwili achana nao, hauhusu sura. Sasa hawa watatu, nimewapanga kwa ninavyowapendelea.

1. Fulla. Nampendelea, sifichi. NewBoy wa Syria walimtoa 2003, mwaka uleule polisi wa maadili wa Saudi Arabia walipomtangaza Barbie kuwa tishio. Huyu hakuvishwa mtandio baadaye, alibuniwa nao. Tena kwa Wasaudia alivaa abaya jeusi, kwingineko koti la rangi nyepesi na mtandio mweupe. Ndani ya nyumba anavua, anabaki na nguo za kawaida kama mwanamke yeyote. Kiuno chake chembamba mno, hilo nakubali.

2. Barbie wa Ibtihaj Muhammad. Alitangazwa 2017, kwa mfano wa Mmarekani aliyepata medali ya shaba ya timu katika mchezo wa kupigana kwa vitara kwenye Olimpiki ya Rio 2016 akiwa na hijabu. Mwenyewe alidai miguu yenye misuli, akapewa. Angekuwa wa kwanza kama walanguzi wasingemkumbatia. Wanamwita adimu, wanapandisha bei, ukiomba picha ya shingo wanakutumia ya boksi.

3. Queens of Africa. Wa Nigeria, tangu 2007: Nneka Mwigbo, Azeezah Mhausa, Wuraola Myoruba. Mavazi hayana mpinzani, ila wembamba ni uleule wa Barbie.

Wale wa bei poa, mtandio umegandishwa na gundi: ukivuta, unang'oka na nywele. Pita.

Na nyinyi wauzaji wa mitandaoni mnaomnyang'anya Fulla abaya lake mkaliuza peke yake kama "nyongeza", nani kawatuma? Alitoka kiwandani nalo. Mnunuzi, uliza kwa maandishi kilichomo ndani ya boksi, na jibu likiwa "utaona likifika", tafuta duka lingine.