Projekta ya 3D kwa sinema ya nyumbani: ipi ununue, ipi uiache

Runinga za 3D zimekwisha madukani. LG na Sony, kampuni kubwa za mwisho zilizokuwa bado zikizitengeneza, zilijitoa 2017, na tangu hapo anayetaka filamu ya 3D kwenye picha kubwa nyumbani amebakiwa na projekta. Kuipata si kazi, maana projekta nyingi za DLP (zinazounda picha kwa vioo vidogo mno) bado zinakuja na 3D, hata zile zisizoitangaza kwenye boksi. Kazi ni kupata yenye mwanga wa kutosha, na kuwa na cha kutazama.

Nianze na hilo la pili, kwa sababu linaweza kukuokolea pesa leo hii. Chanzo bora cha 3D nyumbani ni diski ya Blu-ray 3D, ambayo kanuni zake zilikamilishwa mwishoni mwa 2009. Kila jicho linapewa picha yake kamili ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080). Diski za 4K zilizokuja baadaye hazina 3D kabisa. Kwa hiyo hata ukinunua projekta ya 4K, 3D yake utaitazama kwa 1080p. Mafaili yanayobana picha mbili ubavu kwa ubavu ndani ya fremu moja hupoteza nusu ya pikseli za upana, na kwenye skrini kubwa upungufu huo unaonekana. Kama huna diski hata moja na huna nia ya kuzitafuta, achana na 3D na ununue projekta nzuri ya picha za kawaida. Nasema hivyo nikiwa mpenzi mkubwa wa 3D.

Mwanga kwanza

Miwani ya 3D hufunga jicho moja huku ikifungua jingine, kwa zamu, kwa kasi ambayo huwezi kuiona. Kila jicho linapata mwanga kwa chini ya nusu ya muda, na vioo vya miwani navyo vinanyonya sehemu yake. Mwishowe jicho hubaki na kama moja ya tano ya mwanga, wakati mwingine pungufu ya hapo.

Piga hesabu. Projekta inayotoa lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta) 2,000 za kweli, kwenye skrini nyeupe ya kawaida ya inchi 120, inakupa kama niti 160 (niti hupima mng'ao wa picha unaofika machoni). Vaa miwani, zinabaki kama 32. Kumbi za sinema hulenga niti 48 kwa filamu ya kawaida, na nyingi huonyesha 3D kwa takriban 15 tu, kwa hiyo 32 ni nyingi. Tatizo ni kwamba lumeni za kwenye boksi hupimwa projekta ikiwa katika hali yake ya mwanga mkali kabisa, ambayo mara nyingi huipa picha rangi ya kijanikijani. Ukiweka hali ya sinema, nusu inaweza kupotea, na 32 zako zinakuwa 16. Punguza skrini iwe inchi 100, zinapanda hadi 23. Ndiyo maana kwa 3D skrini ndogo kidogo yenye mwanga inaipita kubwa iliyofifia, na chumba lazima kiwe na giza kweli. Skrini inayoakisi mara 1.3 au zaidi ya skrini nyeupe ya kawaida nayo inasaidia.

Ya kwanza: DLP ya 1080p yenye mwanga mwingi

Hii ndiyo ningempa mtu yeyote ambaye 3D ndiyo sababu yake ya kununua. Ndani ya DLP kuna vioo vidogo mno vinavyogeuka kwa kasi kubwa sana, kiasi kwamba picha ya jicho la kushoto inakuwa imekwishaondoka kabla ya ile ya kulia kuingia. Matokeo yake huoni kile kivuli cha pili kinachoharibu 3D, hasa pembeni mwa vitu vyeupe kwenye giza. Chagua inayoonyesha 3D kwa 144Hz (picha 144 kwa sekunde): kila fremu ya filamu inaonyeshwa mara 3 kwa kila jicho, na macho hayachoki upesi.

Miwani yake ni ya mfumo wa DLP Link, unaopata ishara kutoka kwenye mwako mfupi wa mwanga ambao projekta yenyewe huutupa kwenye skrini. Huhitaji kifaa cha ziada, miwani ni ya bei nafuu, na ya kampuni moja kwa kawaida hufanya kazi na projekta ya kampuni nyingine. Ukiinamia simu miwani inapoteza ishara, ukiinua kichwa inajipanga tena. Kasoro mbili uzijue: weusi wake si mzito, na baadhi ya watu huona michirizi ya rangi za upinde wa mvua wanapohamisha macho haraka. Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako ni miongoni mwao, shuka moja kwa moja hadi namba tatu.

Ya pili: DLP ya 4K

3D yake ni ileile ya 1080p. Nunua hii kama sehemu kubwa ya unachotazama ni filamu za kawaida za 4K na 3D ni ya mara mojamoja. Usilipe zaidi ukidhani 3D itakuwa kali zaidi.

Ya tatu: 3LCD au D-ILA, mara nyingi iliyotumika

Hizi huunda picha kwa paneli tatu badala ya vioo vya DLP. Epson 5050UB, ambayo ni 3LCD, na projekta za JVC za D-ILA zina weusi ambao DLP za nyumbani haziufikii, na michirizi ya rangi hakuna. Filamu yenye matukio mengi ya usiku inapendeza mno humu. Lakini kivuli cha pili kinajitokeza zaidi, miwani yake hutumia mawimbi ya redio na ni ghali kuliko ya DLP Link, na JVC inahitaji kifaa cha kurushia ishara kinachouzwa peke yake. Ukinunua iliyotumika, pata miwani na kifaa hicho siku hiyohiyo, usiseme utatafuta baadaye. Usidhani pia kwamba modeli mpya ina kila kilichokuwamo kwenye ya zamani: Epson LS12000 haina 3D.

Ya nne: projekta ya leza ya kukaa karibu na ukuta

Nyingi ni DLP na zina 3D. Shida ni skrini zake maalumu za kukata mwanga wa chumbani, ambazo nyingi huakisi pungufu kuliko skrini nyeupe. Umekwishapoteza mwanga kwenye miwani, unaupoteza tena ukutani.

Kwa anayetazama peke yake kuna kifaa cha VR cha kuvaa kichwani. Kila jicho lina skrini yake au sehemu yake ya skrini, hivyo kivuli cha pili hakipo. Kwa familia hakifai.

Ya mwisho, na usiiguse: projekta ndogo za LED za bei ya chini zilizoandikwa "3D". Zingine maana yake ni 3D ya miwani ya rangi nyekundu na bluu, kitu ambacho skrini yoyote ya rangi inaweza kuonyesha. Kama maelezo hayataji DLP Link, miwani inayofunga na kufungua, wala Blu-ray 3D, chukulia kwamba haina.

Kabla muda wa kurudisha haujaisha

Hakikisha kicheza diski kinasoma Blu-ray 3D, na kama HDMI inapitia kwenye risiva (kifaa cha sauti cha sinema ya nyumbani), kwamba risiva hiyo inapitisha 3D. Za kabla ya HDMI 1.4 hazipitishi. Kila mtu wa nyumbani avae miwani kwa filamu nzima, kwa sababu wapo ambao macho yao hayaunganishi picha mbili, na wapo wanaoumwa kichwa. Kisha tafuta tukio lenye maandishi meupe kwenye giza, ufumbe jicho moja baada ya jingine. Ukiona herufi zina mwenzake hafifu pembeni, hicho ndicho kivuli cha pili, na hakuna mpangilio utakaokiondoa chote. Lakini kama vitu vya mbele vinaonekana kuwa nyuma na kichwa kinazunguka, usiirudishe bado: picha za kushoto na kulia zimebadilishana. Ingia kwenye menyu ya 3D, geuza mpangilio wa macho, au bonyeza kitufe kilicho kwenye miwani, na kina cha picha kitakaa sawa.