Kikuza cha dola 14 na Curry wangu wa uongo

Mimi ni Mtanzania, naishi Houston, na kilichonitia kwenye kukusanya kadi za mpira wa kikapu ni Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, mwaka 2009, kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, Memphis Grizzlies walimchukua namba 2, mbele ya James Harden aliyekuwa namba 3 na Stephen Curry aliyekuwa namba 7. Kadi zake nanunua kwa bei ya soda. Na uzuri wake, hakuna anayehangaika kuzifoji. Ndiyo maana miaka yote hiyo sikujua kukagua chochote.

Tamaa ikaja. Kwenye maonyesho ya kadi, ukumbi wa hoteli, muuzaji mmoja alikuwa na kadi ya Curry ya kampuni ya Topps, toleo la 2009, namba 321, ile ya msimu wake wa kwanza. Imefungwa kwenye kasha gumu la plastiki, juu ina lebo ya PSA, kampuni inayokagua kadi na kuzipa daraja la ubora hadi 10; hii ilikuwa daraja la 9. Dola 380, chini kabisa ya bei niliyozoea kuiona. Sikuwa mzembe kihivyo: nilitoa simu, nikaingiza namba ya cheti kwenye ukurasa wa PSA. Majibu yakaja: Topps 2009, Stephen Curry, 321, daraja 9. Kila kitu sawasawa. Nikatoa pesa taslimu.

Kumbe niliingizwa mjini kwa namba halali kabisa. Mfoji hana haja ya kubuni namba. Anatafuta kadi ya kweli iliyopigwa picha mtandaoni, ananakili lebo yake yote, namba ikiwemo, anachapa hata mara hamsini. Ukiuliza, mfumo unakujibu kwamba cheti kipo. Ni kweli kipo, ila ni cha kadi iliyo kwenye kabati la mtu mwingine.

Kikuza nilikinunua wiki iliyofuata, kwa ajili ya kadi za Thabeet tu, nione kingo zake. Ni kile kidogo cha masonara, cha kukunja, chenye taa nyeupe na taa ya zambarau. Dola 14. Kwenye boksi wameandika kinakuza mara 60. Kwa macho yangu hata nusu hakifiki, na pembeni picha inapinda. Lakini kinatosha.

Kazini kuna mzee wa Lubumbashi anayekusanya kadi za Dikembe Mutombo, nyota wa NBA kutoka Kongo, na anazo tatu zilizopangwa daraja na PSA. Nilipomwonyesha Curry wangu, aliishika kimya, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Ndugu yangu," akasema, "hii hologramu yako imelala." Akaweka ya Mutombo pembeni. Ya kwake, ukiinamisha kasha, mwanga unatembea na rangi zinabadilika. Ya kwangu ilikuwa doa la kijivu, na likabaki kijivu kila upande.

Hapo ndipo kikuza kilipolipa gharama yake. Kwenye lebo ya Mutombo herufi nyeusi zilikuwa nyeusi tii, kingo zimekatika kama kwa wembe. Kwenye yangu jina CURRY lilikuwa limevujavuja, na pembeni mwa kila herufi kuna vumbi la vitone vya bluu na waridi. Hiyo ni lebo iliyoskaniwa ikachapwa upya na printa ya kawaida. Mistari ya msimbopau nayo ilikuwa imevimba. Kwa macho matupu usingeona kitu, mimi sikuona.

Nikarudi kwenye ukurasa wa PSA, safari hii bila haraka. Cheti kile kilikuwa na picha ya kadi yenyewe (vyeti vingi vya zamani havina), na siku ile ukumbini sikushuka chini kuitazama. Kwenye picha, ukingo mweupe wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia. Yangu imekaa katikati sawia. Sekunde kumi za kushusha kidole zingeniokolea dola 380.

Kwa hiyo ukurasa wa kuhakiki naupa nyota 4: ni bure, ni wa haraka, ila usomewe mpaka mwisho. Na namba andika mwenyewe kwenye tovuti, usifuate msimbo wa QR wa lebo usiyoiamini, maana hujui utakupeleka wapi. Kikuza pia nyota 4. Moja nimeikata kwa ile taa ya zambarau. Inafaa kwa kadi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa karatasi za kisasa zina ving'arisha vinavyowaka chini ya mwanga huo, kwa hiyo nakala mpya ya kadi ya zamani inajisema yenyewe. Kwa kadi ya 2009 ni pambo tu.

Kitu kimoja ambacho vyote viwili havikusaidii: lebo ya kweli juu ya kadi yenye kasoro. Kadi ya kwanza kabisa PSA kuipanga daraja, ile ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, ya toleo la zamani liitwalo T206, mwaka 1991, ilipewa 8. Mwaka 2013 aliyewahi kuimiliki, Bill Mastro, alikiri kwamba aliikata kingo.

Muuzaji wangu hapokei simu. Curry yuko mezani, nimemchora neno FEKI kwa ncha ya msumari kwenye plastiki, herufi kubwa, maana kalamu ya wino inafutika.