Vocha ya 200, uzazi wa bure, Linda Mama: nimezaa kwa zote

Nina watoto watatu, wote wamezaliwa nikiishi mtaa wa Viwandani, Nairobi, na kila mmoja amekuja kwa mpango tofauti wa kulipia uzazi. Juzi mdogo wangu, ambaye ana mimba ya miezi minne na bado hajakanyaga kliniki, aliniuliza upi ulikuwa na maana. Nilimwambia akae, chai iko jikoni.

Wa kwanza, 2009, ni mtoto wa vocha. Mpango huo ulianza 2006 kule Kisumu, Kitui na Kiambu, na kwa Nairobi ulikuwa Korogocho na huku kwetu. Unanunua vocha kwa shilingi 200 kutoka kwa mama wa mtaani aliyepewa kazi ya kuziuza. Inakulipia kliniki mara nne, kujifungua, upasuaji ukihitajika, na kuangaliwa hadi wiki sita baada ya kuzaa. Lakini haikuuzwa kwa kila mwenye 200. Yule mama alikuja na karatasi ya maswali: nyumba ni ya nini, maji mnatoa wapi, choo kikoje, kwa siku mnapata ngapi, mnakula mara ngapi. Jirani yangu aliposikia sauti yake mlango wa pili alifunika televisheni kwa leso. Mimi sikuwa na cha kufunika.

Hizo 200 zilikuwa karibu kibarua cha siku nzima cha kufua nguo South B, na nilinung'unika kuzitoa. Mbona maskini alipe? Nilielewa baadaye. Vocha ilipokewa na hospitali za serikali, za misheni na za watu binafsi zilizokuwa kwenye mpango, na wewe ndiye unayechagua. Nikienda kwingine, pesa zinanifuata mimi. Sista walijua hivyo. Nilikaribishwa kwa "karibu mama", nikapimwa damu na presha bila kuulizwa nimebeba nini. Mtoto alitanguliza makalio, nikapasuliwa, na siku ya kutoka hakuna aliyenishika mlangoni kudai bili. Wanawake wa mtaani wakati huo walikuwa wakizuiliwa wodini kwa deni dogo kuliko hilo. Nyota nne. Ya tano naikata kwa sababu ya yale maswali ya choo.

Wa pili nilimzaa 2014. Juni 2013 serikali ilikuwa imetangaza kujifungua bure katika hospitali zake, na sote tulifurahi, mimi wa kwanza. Hospitali niliyoenda siitaji. Tulilala wawili kitanda kimoja, miguu yake kichwani kwangu. Glovu na pamba nilinunua kwenye duka la dawa lililo nje ya geti. Nilipoita usiku, niliambiwa kwamba vya bure havina haraka. Yule sista simlaumu sana, alikuwa peke yake na wodi nzima, lakini maneno yale sijayasahau. Nyota mbili, na zote mbili ni za yule mwenzangu wa kitandani aliyenishikia mtoto nikienda kuoga.

Wa tatu, 2018, ni wa Linda Mama, mpango wa serikali wa uzazi wa bure kupitia NHIF, bima ya taifa ya afya ya wakati huo. Ulikuwa afadhali. Nilijiandikisha hapo hapo kliniki kwa kitambulisho, dakika chache, nikawa nimeingia NHIF bila kutoa hata ndururu. Kliniki ikawa ndani, kuzaa ndani, na kurudi baada ya kuzaa. Foleni ilikuwa ndefu, dawa za kuongeza damu mara zipo mara hazipo. Nyota tatu.

Sasa kuna hili la kulipwa pesa taslimu. Wifi yangu yuko Siaya, na kijijini kwao kulikuwa na mradi uliokuwa ukimtumia mama shilingi 450 kila akihudhuria kliniki. Mama mkwe alicheka hadi akalia: siku hizi mtu analipwa kubeba mimba! Wengine walisema wasichana watazaa ili walipwe, jambo ambalo mtu aliyewahi kunyonyesha usiku kucha hawezi kulisema. Mimi nami nilipinga, kwa sababu yangu. Hapa kwetu 450 zikiingia kwenye simu yangu, mwenye nyumba atabisha kabla sijafika getini, na baba watoto atakuwa ameziona. Vocha haipikwi wala haikopeshwi. Nilimwambia hivyo wifi, naye akanijibu: "Vocha haipandi boda." Kwao kituo cha afya kiko mbali, na siku ya kliniki ni siku ya shamba iliyopotea. Yeye hakuwa akienda kwa ajili ya hela, alikuwa akienda kwa sababu hela ilimfikisha. Hapo sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa natembea dakika kumi. Alichokilalamikia ni kimoja, malipo yaliyochelewa. Siku aliyokopa nauli akitegemea kurudisha jioni, hela haikuja, na mwenye boda anamjua hadi jina la kuku wake.

Linda Mama haipo tena kwa jina lile. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF, na sisi wa vibarua tunapimwa uwezo kwa simu: paa la nini, kuta za nini, choo cha aina gani. Maswali ya 2009 yamerudi, ila sasa huna uso wa kutazama ukijibu. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na wasio na ajira rasmi wanatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. 3,600, kwa mtu ambaye jana alifua nguo na kesho hajui.

Mdogo wangu tumempangia kwenye chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu apokee mwezi ujao badala yangu. Kesho nampeleka kliniki mwenyewe, kabla hajapata sababu nyingine. SHA nitaipa nyota akishajifungua.