Miezi minane na Soraka: tathmini ya kiti cha sapoti katika League of Legends

League of Legends, gemu ya kompyuta ambamo timu mbili za watu watano hupigana, ipo tangu 2009 na sina haja ya kuitambulisha zaidi. Ninachotaka kukipima hapa ni kiti kimoja kati ya vitano vya timu, yaani sapoti, anayewalinda na kuwasaidia wenzake, na shujaa mmoja ndani ya kiti hicho: Soraka, yule mwenye pembe moja kipajini. Nimemchezea miezi minane sasa, karibu kila usiku.

Kabla yake nilikaa miaka mitano njia ya kati ya ramani na shujaa mwingine, Zed. Kwa Zed kila kitu kinakuzunguka wewe. Ukiua unapaa, ukifa unatafuta wa kumlaumu. Nilikuwa nikifa mara tatu mfululizo mikono inaanza kutetemeka, na vidole vinaandika kwenye chati maneno ambayo nisingethubutu kumwambia mtu uso kwa uso. Usiku mmoja nilikibamiza kipanya mezani kikapasuka ubavuni. Mdogo wangu alikuwa kitandani kwake, chumba hichohicho. Hakusema neno. Aliinuka, akaokota kipande cha plastiki sakafuni, akakiweka karibu na kibodi, akarudi kulala. Kesho yake ndipo akaniambia, "Dada, cheza sapoti wiki moja tu. Usipoipenda, rudi kwa Zed wako."

Soraka ameumbwa hivi. Ukibonyeza kitufe cha W unamponya mwenzako papo hapo, lakini unakatwa asilimia 10 ya damu yako yote (yaani uhai wako ndani ya gemu), na uwezo huo huwezi kujiponyea mwenyewe. Bonyeza mara tano: nusu ya damu imekwenda, na adui hajakugusa hata kwa ukucha. Bandu bandu huisha gogo. Njia yake kubwa ya kurudisha damu ni kumlenga adui kwa nyota ya Q, na nyota hiyo huchukua muda kuanguka, hivyo lazima ukisie adui atakuwa wapi, si alipo sasa.

Wiki ya kwanza nilikuwa naponya kila mkwaruzo. Mlengaji wangu, mwenzangu wa kushambulia kwa mbali ninayemlinda, akichomwa kidogo tu, nabonyeza. Akichomwa tena, nabonyeza. Dakika ya sita nimebaki na robo ya damu, adui ananirukia mimi kwanza, kisha yeye. Niliketi nikaangalia marudio ya mechi moja na kuhesabu: kati ya mara 14 nilizoponya kabla ya kufa kwangu kwa kwanza, mara 9 nilimponya mtu ambaye hakuwa hatarini. Haikuwa huruma ile. Ilikuwa wasiwasi wangu, na nilikuwa nikiulipia kwa damu yangu.

Hapo ndipo nilianza kuisoma gemu upya. R ya Soraka huwaponya wenzako wote popote walipo kwenye ramani, na aliye chini ya asilimia 40 ya damu hupata nusu zaidi. Hata miguu yake hufuata hesabu hiyohiyo: hukimbia kwa kasi zaidi anapomwelekea mwenzake aliyefika chini ya asilimia 40. Waliomtengeneza wamempa malipo ya kusubiri, na ukimchezea kwa muda mrefu mkono wenyewe unajifunza kutulia juu ya kitufe bila kukibonyeza. Sijapata kitu kingine kilichonifundisha hivyo, na nimejaribu vingi.

Kazi nyingine ya sapoti haina makelele. Minioni, vijeshi vidogo vinavyotoa dhahabu vikiuawa, unamwachia mlengaji, dhahabu yako ni kidogo, na katika hiyo kidogo unatoa 75 kununua wadi, kitu kama jicho la kufichua vichaka, unaipanda, unaondoka. Unaandika saa ambayo adui ametumia Flash, uwezo wa kuhama ghafla mahali pa karibu, kwa sababu kwa kawaida hataipata tena kwa sekunde 300. Huwa nafanya hivyo huku nikivuta pumzi taratibu, na mara nyingi nagundua mabega yameshuka yenyewe.

Si kila sapoti anatuliza, niseme wazi. Thresh nilimjaribu wiki mbili. Unamrushia mwenzako taa imwokoe, anasimama pembeni yake bila kuibonyeza, anakufa unamtazama. Moyo wangu hauko tayari kwa hilo.

Kasoro zipo. Mashujaa ni zaidi ya 160 na mgeni atapotea. Mechi mara nyingi huchukua kama nusu saa na huwezi kuisimamisha, kwa hiyo mwenye mtoto mchanga au chungu jikoni afikirie kwanza. Na utacheza vizuri ushindwe bado, kwa sababu ushindi hauko mikononi mwako peke yako. Hili la mwisho lilinichoma miezi miwili ya mwanzo. Sasa nikishindwa hivyo nanyanyuka, nakunywa maji, na mdogo wangu haulizi tena kama niko sawa.

Juzi mlengaji wangu alikufa mara nne kabla ya dakika ya kumi, akaniandikia "sapoti takataka". Zamani ningemjibu kwa aya nzima. Nilitoa mikono kwenye kibodi, nikahesabu hadi tano, nikazima maandishi yake, nikaenda kupanda wadi kandokando ya mto. Dakika ya 27 tulikutana wote kwa joka, mnyama ambaye timu zote mbili humgombea. Wenzangu wawili walikuwa nusu ya damu na kidole changu kilikuwa juu ya R. Sikubonyeza. Muuaji wa upande wa adui akatoka kichakani, akamrukia mlengaji, damu yake ikashuka mpaka mstari mwembamba mwekundu. Nikabonyeza. Alibaki hai, akarudi nyuma hatua mbili, akaanza kulenga, na tukawamaliza watatu kati ya watano.

Maandishi yake yalikuwa bado yamezimwa, kwa hiyo sijui aliandika nini. Ila tangu hapo, kila tuliporudi nyumbani kujaza damu, hakutoka peke yake tena. Alisimama langoni mpaka nimalize kununua wadi zangu, ndipo tukatoka pamoja.