Uzoefu wangu na toleo la majaribio la mfumo mpya wa kompyuta

Nianze na hukumu. Kama kompyuta yako ndiyo inayokulisha, usiliweke bado. Kama una kompyuta ya pili na una moyo wa kuripoti hitilafu, liweke, tena liweke mapema, kwa sababu kasoro kubwa niliyoikuta ni ya aina ambayo mtu mwenye intaneti ya uhakika hawezi kuiona hata akikaa nayo mwaka mzima. Sisi tusipoisema, mfumo utatoka nayo hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kuchapa na kupanga nyaraka za watu: barua za maombi, katiba za vikoba, risala, kadi za harusi, ripoti za wanachuo. Niko Morogoro, na intaneti yangu ni ya simu. Nawasha hotspoti, laptopu inashika, kazi inaendelea. Toleo hili nimeliweka kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, na nimekuwa nikifanyia kazi halisi humo tangu mwezi uliopita. Kompyuta ya mezani yenye faili za wateja sijaigusa. Jina la kampuni nalihifadhi, maana toleo lenyewe halijakamilika na linabadilika kila baada ya siku chache.

Mazuri yapo, na ni haki yasemwe. Laptopu inaamka haraka kuliko ilivyowahi kuamka: unafungua kifuniko, na kabla hujaweka vidole kwenye kibodi skrini ipo tayari. Kupanga madirisha mawili pamoja kumeboreshwa sana. Mimi huweka picha ya karatasi ya mteja upande wa kushoto na ukurasa ninaouchapa upande wa kulia, siku nzima, na sasa mfumo unaikumbuka mipaka niliyoiweka hata baada ya kuzima na kuwasha. Maandishi yanaonekana safi zaidi. Utafutaji wa faili nao umekuwa wa kweli. Naandika jina la kata au la kikundi, nayo barua ya mwaka juzi inatokea, bila intaneti yoyote.

Kero ndogo ndogo ni za kawaida kwa toleo la majaribio na sitazipa nafasi kubwa. Betri inaisha upesi. Mipangilio ya sauti imehamishwa mahali pasipotegemewa. Madirisha yanapofunguka yanaelea na kufifia kwa mbwembwe ambazo laptopu ya zamani inazibeba kwa shida, ingawa unaweza kuzizima. Printa ndiyo ilinitia hofu: ukurasa wa majaribio ulitoka vizuri kabisa, lakini hati yenye jedwali ikatoka na safu ya mwisho imekatwa, na katika katiba ya kikundi safu ya mwisho ndiyo ya sahihi. Apdeti iliyofuata ikarekebisha hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ukibonyeza Ctrl na S ili kuhifadhi hati mpya, dirisha la kuhifadhi linafunguka na kukupeleka moja kwa moja kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni, si kwenye diski yako. Bando likiwepo, hakuna tatizo. Hotspoti ikiwa imezimwa kabisa, pia hakuna tatizo: mfumo unajua hakuna mtandao, unakuonyesha folda zako, unahifadhi, unaendelea. Shida inakuja pale katikati, na pale katikati ndipo sisi wengi tunapoishi: simu imewashwa, hotspoti inasoma, laptopu imeunganishwa, ila bando limeisha. Alama ya waifai pale chini kulia imejaa. Kompyuta inaamini mtandao upo. Inaita seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyoko mtandaoni, hakuna jibu. Inaita tena. Dirisha linakuwa jeupe, kipanya kinageuka kiduara kinachozunguka, na ukibofya neno la kughairi halikusikii. Hati iliyoandikwa kwa saa nzima iko nyuma ya dirisha hilo, haijahifadhiwa popote, na mteja amesimama mlangoni.

Nililifuatilia jambo hili kwa utulivu, nikiwasha na kuzima hotspoti, nikijaribu bando likiwepo na likiwa limeisha, na matokeo ni yale yale kila mara. Kukata waifai kwenye laptopu kunalifungua dirisha papo hapo. Kusubiri nako kunalifungua, ila baada ya muda mrefu kiasi kwamba mtu wa kawaida angekuwa ameshazima kompyuta kwa kushikilia kitufe cha umeme, na hapo kazi yake imekwenda.

Sababu yake si fumbo. Mifumo yote mikubwa ina njia ya kupima kama mtandao uliounganishwa unafika kweli kwenye intaneti. Windows huita anwani ya msftconnecttest.com, kompyuta za Apple huita captive.apple.com, na Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta, huita connectivity-check.ubuntu.com; jibu sahihi likirudi, mfumo unajua njia iko wazi. Kipimo hicho kikifanywa wakati wa kuunganisha tu, au kikirudiwa kwa nadra, bando likiisha saa nne asubuhi katikati ya ukurasa mfumo utaendelea kushikilia habari ya saa tatu. Kwa mtu ambaye intaneti yake inalipwa kwa mwezi na haikatiki, hali hii inatokea mara chache mno. Kwetu ni jambo la kila siku. Dawa yake si kubwa: hifadhi kwenye diski kwanza, halafu ipeleke hati mtandaoni kimya kimya njia itakapopatikana. Kazi ya mtu haitakiwi kusubiri seva hata kwa sekunde moja.

Jambo la pili ni ndugu wa hilo la kwanza. Kuna mpangilio wa kuuambia mfumo kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kiasi, usishushe vitu vikubwa bila ruhusa. Windows wanao, Ubuntu wanao, na toleo hili linao pia. Tatizo ni kwamba hapa, kila apdeti kubwa ikishaingia, mpangilio huo unarudi ulivyokuwa kiwandani, bila taarifa. Unawasha hotspoti uitume barua moja ya mteja, na nyuma yake mfumo unaanza kushusha apdeti ya GB kadhaa. Ujumbe wa kampuni ya simu kwamba umetumia asilimia 75 ya bando ndio unaokushtua. Na mtandao ukikatika katikati, upakuaji hauendelei pale ulipoishia, unaanza upya. Ni fedha ya mtu hiyo. Kwa mwenye ofisi ndogo, bando la wiki ni sehemu ya mtaji, na hakuna mfumo wenye haki ya kulimaliza bila kuuliza.

Nimeripoti yote mawili, na hapo nina lawama ya tatu. Fomu ya maoni inataka uambatishe rekodi ya skrini na kifurushi cha kumbukumbu za mfumo, na vyote viwili vinapakiwa mtandaoni kabla maandishi yako hayajapokelewa. Mtu anayeripoti kwamba intaneti yake ni ndogo anatakiwa awe na intaneti kubwa ili aripoti. Naiomba kampuni ipokee maandishi kwanza. Maelezo yaliyonyooka, yenye hatua za kurudia tatizo, yanamtosha mhandisi kuanza kazi.

Ripoti hizi zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft walitoa apdeti ya Windows 10 iliyoitwa 1809, na ndani ya siku chache wakaisimamisha kwa sababu baadhi ya watu walipoteza faili zao: nyaraka, picha, vyote. Ilirudishwa katikati ya Novemba. Kilichoniuma niliposoma habari ile ni kwamba baadhi ya wajaribuji walikuwa wameshalisema tatizo hilo kabla, ila ripoti zao zilikuwa chache na zilizama kati ya maoni mengine mengi. Baada ya hapo Microsoft waliongeza kwenye fomu sehemu ya kueleza ukubwa wa madhara. Kwa hiyo ukiripoti, usiandike tu kwamba linakwama. Andika ulikuwa unafanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini, na umepoteza nini. Na ukikuta mwenzako ameshaandika lile lile, unga mkono ripoti yake badala ya kufungua nyingine, ili idadi ionekane.

Kuchelewesha kutoa mfumo hadi urekebishwe nako kunawezekana. Ubuntu hutoka kila Aprili na kila Oktoba, lakini toleo la 6.06 lililotakiwa kutoka Aprili 2006 lilisogezwa hadi Juni mosi ili lisafishwe vizuri. Watu walisubiri, na hakuna kilichoharibika.

Kwa atakayejaribu licha ya yote haya: weka bakapu kwenye diski ya nje kwanza, diski ambayo baada ya hapo unaichomoa na kuiweka kando. Ulizia njia ya kutoka kabla ya kuingia, kwa sababu haifanani kila mahali. Windows 11 kwa kawaida inakuachia siku 10 za kurudi toleo la nyuma. Ukiwa na Mac, mara nyingi kurudi ni kufuta kila kitu na kurejesha kutoka kwenye bakapu ya zamani. Badilisha mahali pa kuhifadhi pawe diski yako na si mtandaoni. Mpangilio huo upo, umefichwa ndani kidogo, na kwangu umepunguza kukwama ingawa haujakumaliza. Bando likiisha, kata waifai kwenye laptopu yenyewe mara moja. Na baada ya kila apdeti, kabla hujafanya lolote, rudi ukaangalie kama ule mpangilio wa mtandao wa kulipia bado umewashwa.

Apdeti ya juzi imeleta rangi mpya za madirisha na imepunguza ulaji wa betri. Dirisha la kuhifadhi bado linaganda. Ripoti yangu imewekewa alama kwamba inachunguzwa, na chini yake wameshaongezeka watu wengine wanaoeleza hali hiyo hiyo, mmoja akitumia modemu ya USB badala ya hotspoti. Kompyuta ya mezani itabaki na toleo la zamani mpaka mambo mawili yatimie: hati ihifadhiwe kwenye diski bila kuuliza mtandao, na bando langu lisiguswe bila ruhusa yangu. Hayo mengine naweza kuyavumilia hata mfumo ukitoka nayo.